Vifuko Visivyovunja Mfungo

Jumamosi, 14 Februari 2026

Melvin amekuja na pikipiki mpya na maneno ya zamani. Mara ya mwisho aliniletea sabuni inayoosha bila maji. Leo ni mikebe midogo ya duara, inatoshea kiganjani. Ndani kuna vifuko vyeupe, vidogo kuliko vya majani ya chai. Kafeini, anasema. Unapachika kimoja kati ya mdomo wa juu na ufizi, unatulia, unaamka. Hakuna tumbaku, hakuna moshi, hakuna kikombe cha kuosha.

Akanipa kimoja nionje. Tangu ile sabuni siagizi kitu bila kuonja.

Kwanza minti. Halafu ufizi ukawasha kidogo. Halafu — hakuna. Nikamwambia hii ni pipi iliyokosa adabu. Akasema, ngoja mzae.

Nikangoja. Nimepanga sabuni kwa rangi. Nimepanga upya kwa ukubwa. Nimepanguza juu ya friji, mahali ambapo hapajaguswa tangu bibi yangu Kavutha ahamie Illasit kuangalia shamba letu la vitunguu. Nimempigia simu kumwambia nimepanguza. Akauliza kama naumwa.

Nimechukua mikebe ya kujaza rafu moja ya duka.

Jumapili, 15 Februari

Sikulala. Baada ya chakula cha jioni niliweka kifuko kingine, kuhakikisha kama kile cha kwanza kilikuwa bahati. Na chai juu yake. Nimesikia mbwa wote wa Kitengela, nimeanza kuwatambua kwa sauti.

Asubuhi Kisemei, askari wetu wa geti, akaniamkia kwa Kimaasai. Sopa, Mbaluka. Nikajibu, Epa. Akataka naye aonje. Nikampa, nikageuka kumhudumia mtu. Kumbe! Kisemei ni mtu wa ugoro. Kwake kitu cha mdomoni ni unga, na mfuko ni wa kutupwa. Amekipasua kwa meno, akamimina unga wote kwa mdomo wa chini kama alivyozoea. Akaomba kingine, eti hicho kilikuwa kidogo kama mshahara. Nami nikampa. Mjinga ni nani hapo, sijui.

Baadaye nikamuona anafungua geti zote mbili kumpisha mbuzi. Akampigia saluti. Akafunga. Akaja kwangu ameshika kifua, akasema moyo wake unakimbia na yeye amekaa. Nikampa maji, nikamkalisha kwa kreti kivulini, nikakaa naye mpaka moyo ukarudi kutembea. Amesema nimrudishie ugoro wake, huo angalau anaujua tabia.

Jumatano, 18 Februari

Plot nzima, nyumba zote za hapa, iko na njaa. Wakatoliki wameamka na majivu kwenye paji la uso. Waislamu wameanza leo, ama wataanza kesho — Jama, mfanyabiashara wa mbuzi wa nyumba ya chini, alikuwa kwa simu anabishana kuhusu mwezi. Kanisa langu halina Kwaresima. Lina harambee.

Mkate umelala. Maziwa yameanza kuniangalia vibaya. Kilichotoka ni vifuko.

Ni Mwalimu Eunice alianzisha. Anakaa juu kabisa na bwana yake, Ouko. Ouko anaenda kazi Nairobi kabla jogoo hajaamua, Mwalimu mwenyewe anafundisha shule ya kibinafsi huko Kisaju. Pia ndiye mwenyekiti wa jumuiya ya Wakatoliki wa plot. Mwaka huu jumuiya imeamua kula mara moja tu kwa siku, jioni, mpaka Pasaka. Na mtu atasimama mbele ya darasa aje, tumbo likiwa tupu?

Akashika mkebe. Akauliza kama kinamezwa. Nikamwambia hapana, ladha ikiisha unatoa, unatupa. Akafikiria kama mtu anayesahihisha mtihani.

"Basi si chakula," akasema.

Jawahir, mke wa Jama, alikuwa hapo anachagua tende. Akacheka kwa pua. Akasema kwao, kitu chenye ladha kikishuka na mate, umekula. Mwalimu akamwambia kwa Wakatoliki Mungu anaangalia sahani.

"Sahani tu? Mate haoni?"

Nilijifanya natafuta chenji. Hawa wawili wanapendana, wanabishana hivi hata kuhusu kamba za nguo. Lakini Mwalimu alienda na mkebe.

Ijumaa, 20 Februari

Jumuiya yote imenunua. Wameshakipa jina: kahawa ya mdomoni. Wameenda nayo Njia ya Msalaba, na nimeambiwa walifika kituo cha mwisho padri akiwa bado anatafuta ukurasa wa cha tatu.

Nimeweka kimoja asubuhi, kimoja mchana. Mguu wangu unacheza chini ya kaunta. Sijauruhusu.

Jumatatu, 23 Februari

Duka ni dirisha. Watu wanadhani wao ndio wanaoangalia ndani.

Mwalimu Eunice ameacha kununua mafuta ya kupika. Anamtuma Ouko. Nikikaanga vitunguu vyangu vya mchana anapita upande ule mwingine, kitambaa puani. Malimau — kila siku malimau. Na leo, wakati hakukuwa na mtu, akauliza kwa ile sauti ya mtu anayeuliza njia, kama niko na odowa.

Odowa. Yale mawe laini ambayo wanawake hutafuna wakiwa wazito. Akaharakisha kusema ni za dada yake anayekuja kutoka Bondo. Nikafunga kwa gazeti. Dada hajafika. Ila jioni Mwalimu alipita na unga mweupe kwenye kona ya mdomo. Uzuri wa kuwa mwalimu, unga mweupe uko na maelezo.

Mimi sikusema kitu. Najua kwa nini hasemi. Mwaka jana Ouko alipojua tu, alinunulia plot nzima soda. Watoto walikunywa mpaka wakalala hapo kwa ngazi. Hata tumbo lilikuwa halijaonekana. Halafu Agosti, wanawake wakapanda zile ngazi kumpa pole ya mimba iliyotoka, na thamosi za chai, wamejifunga leso, na hapa kwangu watu wakaulizana maswali mpaka nikaongeza redio. Miezi mingi Mwalimu alikuwa anapita hapa haraka haraka, kama duka ndilo lililomkosea.

Kwa hivyo safari hii kimya. Nafikiria hata Ouko hajui. Anapiga mluzi vile vile, ananunua blade vile vile. Mwanaume aliyeambiwa habari kama hiyo hawezi kukumbuka blade.

Nilikuwa nafunga daftari hili ndipo ikanigonga. Mkono mmoja ulishika odowa. Mkono wa pili ulishika mkebe.

Jumanne, 24 Februari

Chini ya mkebe kuna maandishi ya sisimizi. Nimeyapiga picha kwa simu nikayavuta. Si kwa watoto. Si kwa wenye shida ya moyo. Mjamzito ama anayenyonyesha aone daktari kwanza. Melvin alinieleza kuhusu minti peke yake.

Nikavuka barabara kwa Jacinta, yule wa duka la dawa. Mtu wa maana, ila masikio yake yako kazini hata akifunga. Nikauliza kwa ujumla. Akanieleza kwa ujumla: mtu mzima mwenye afya asipitishe kama miligramu mia nne kwa siku, na hapo chai imehesabiwa, na soda, na vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Hivi vyangu ni hamsini kila kimoja. Kimoja kwa wakati, si viwili. Ladha ikiisha, toa. Kunywa maji. Jua likianza kuteremka, acha, kama unapenda usingizi. Kifua kikianza mbio ama mikono kutetemeka, umeshapitisha. Weka mbali na watoto, wataona ni pipi. Na usidanganywe — kuna mikebe inafanana na hii lakini ndani ni nikotini, hiyo ni kesi ingine kabisa.

Ndio maana mguu wangu unacheza. Mimi na chai yangu ya kutwa nzima.

Nikauliza: na mwenye mimba?

Nusu ya hiyo, akasema, isifike hata hapo, chai ikiwa ndani. Na vya mdomoni yeye angemwambia aache kabisa, sana sana kama hali chakula. Kahawa kwa tumbo tupu na mtoto hapo ndani — akatikisa kichwa. Halafu akaweka kalamu chini, akaniita kwa jina la mtoto wangu.

"Baba Wathome, ni nani?"

Kitu cha kwanza kilichotoka kinywani mwangu: ni mtu wa Illasit.

"Mama Wathome? Saa hii?"

Nikasema hapana.

Nimefikiria jioni yote. Hiyo hapana ndiyo mbaya kuliko yote.

Jumatano, 25 Februari

Kisemei amenipa mkono asubuhi bila kusema kwa nini. Nilipomuuliza akasema kwao hilo si jambo, linamalizwa na ng'ombe.

Wanawake wa jumuiya wamenisalimu kwa heshima mpya, ile ya kuangalia mtu kutoka chini kwenda juu. Mbaluka! Na hizo mvi! Mimi ambaye tangu Kavutha aende Illasit sijafua hata mapazia.

Jacinta ameshaeneza kwamba nina mwanamke mjamzito Illasit, na siwezi kukana. Nikisema hakuna mwanamke Illasit, swali litakalofuata ni: basi ulikuwa unamuulizia nani? Na hii plot ikianza kuhesabu wanawake, itafika kwa Mwalimu kabla ya chakula cha mchana. Chakula ambacho hawali, kwa hivyo watakuwa na nafasi.

Alhamisi, 26 Februari

Nilipata wazo. Nilijisifu mpaka nikajipa kifuko.

Tangazo! Nikaandika kwa katoni ya biskuti, herufi kubwa: KAHAWA YA MDOMONI. USIWEKE VIWILI PAMOJA. USIPASUE (Kisemei alielewa). SI YA WATOTO. SI YA WAGONJWA WA MOYO. MJAMZITO ASITUMIE. Nikaninginiza juu ya kaunta. Sijamtaja mtu. Ni sheria ya duka. Mwalimu atasoma, ataacha, kila mtu atalala.

Wakasoma wote. Wakaangaliana. Halafu wakanunua wote. Maana ambaye hatanunua mbele ya tangazo kama hilo, atakuwa amejibu. Hata nyanya mmoja mwenye wajukuu, ambaye hajawahi kuvigusa, alinunua mkebe akitabasamu kama bibi harusi.

Mwalimu alikuja mwisho. Akasoma polepole, mikono nyuma. Nyuma yake walikuwa watatu wa jumuiya, kimya kama paka kwa mlango wa bucha.

"Nipe miwili," akasema.

Mikono ilikuwa inatetemeka. Sarafu moja ikaanguka, ikazunguka sakafuni muda mrefu sana.

Nimeshusha tangazo. Sasa wanauliza kwa nini nimeshusha.

Ijumaa, 27 Februari

Mwalimu ameteleza kwa ngazi akienda Njia ya Msalaba. Hakuteleza — magoti yalikataa. Jawahir alikuwa anapanda na ndoo. Akaachilia ndoo, akamshika. Maji yalishuka ngazi zote mpaka kwa mlango wangu.

Walisema ngazi ni chafu. Wakamlaumu mwenye plot. Mwalimu akanyoosha sketi, akaenda kanisani hivyo hivyo. Nilimuona akipita getini: kitu kimevimba kidogo chini ya mdomo wa juu.

Kabla ya magharibi Jawahir akaja kuchukua maziwa ya futari. Akakaa hapo bila kuondoka. Mwishowe akasema, akiangalia barabara, kwamba kwao mwanamke mzito akiogopa afya yake ama ya mtoto haruhusiwi tu kula — Mungu mwenyewe amemwondolea, atalipa siku zingine. Akauliza kama kwa Wakatoliki si hivyo.

Nikasema nasikia ni hivyo hivyo. Nikauliza kwa nini anauliza.

"Sijasema ni nani," akasema.

"Hata mimi."

Akachukua maziwa yake. Halafu akasema alimwambia huyo mtu ale, mkono kwa mkono, pale kwa ngazi, na huyo mtu akamjibu neno moja: watajua.

Hilo ndilo. Mwenyekiti wa jumuiya akila mchana wa Kwaresima, hahitaji kutangaza. Mkate utatangaza.

Jumamosi, 28 Februari

Kavutha amepiga. Hakufoka. Ameuliza bei ya vitunguu Kitengela. Ameuliza kama friji bado haina vumbi. Halafu akasema wiki ijayo, Jumamosi, lori la vitunguu linapita, atapanda. "Nije nione hiyo baraka."

Nani alimwambia? Najiuliza upuzi. Kavutha anaongea na wanawake wa hii plot kila siku, ndio chama chao. Na ndiyo sababu siwezi kumwambia. Si kwamba ana mdomo mbaya. Ana mdomo mzuri, wenye huruma. Mwaka jana huruma ndiyo ilipanda ngazi na thamosi.

Siri si yangu. Na bado mimi ndiye naivaa.

Jumapili, 1 Machi

Nimepunguza. Kimoja asubuhi, basi, na chai nusu kikombe. Kichwa kinagonga kama mtu anayejenga ghorofa ndani. Jacinta alionya kuacha ni pole pole. Nimelala, lakini nimeota mikebe.

Jumatatu, 2 Machi

Nimeandika hii mara mbili nikafuta. Sasa naandika vile ilikuwa.

Mwalimu alikuja akitoka shule. Vumbi la Kisaju viatuni, macho yameingia ndani. Hakukuwa na mtu. Akaomba mkebe. Nikasema vimeisha.

Akaangalia nyuma ya sukari, nilipovificha. Akauliza, na hivyo? Nikasema vimeharibika. Akauliza kama vinaharibika. Nikasema nimesikia hivyo. Ningekuwa mwanafunzi wake ningepigwa marufuku darasani.

Akasema basi, Kisaju pia kuna duka. Nikakumbuka ile mikebe ya kufanana. Nikakumbuka sarafu sakafuni. Nikafungua mdomo, nikafunga. Mwanaume wa makamo, jirani, nimwambie bibi ya mtu najua kilicho tumboni mwake? Nimejulia wapi? Kwa malimau?

Alikuwa ameshageuka. Halafu akasimama, akaegemea kaunta, akauliza polepole:

"Baba Wathome, huyo mama wa Illasit. Anaendelea vizuri?"

Sijui ni nini kilinishika. Uongo ulikuwa umekaa hapo siku zote, umevaa viatu. Nikaupanda.

Nikamwambia haendelei vizuri. Nikamwambia anafunga, na ndio aweze kufunga anaweka vifuko kama hivi, na chai kali jioni, na mikono inamtetemeka. Nikamwambia nilimuulizia mpaka kwa mtu wa dawa. Vinaingia kwa mama, vinaingia kwa mtoto, na mtoto hajui kuvitoa haraka kama mama. Nikamwambia mimi nikiweka kimoja tu mguu unacheza, na mimi ni mtu mzima.

Hakuniangalia. Alikuwa anakwaruza doa kwenye kaunta ambalo haliwezi kutoka, mimi mwenyewe nimejaribu.

"Alikwambia anafunga kwa nini?"

"Hajaniambia."

"Labda aliweka nadhiri," akasema. "Labda alimwambia Mungu, wa kwanza sikufanya kitu, nilikula tu na kufurahi. Huyu nitamfungia siku zote. Ukiniachia, nitakuwa nimemlipia."

Redio ilikuwa inatangaza bei ya mahindi. Sikuigusa.

Nikasema mimi si mtu wa Kwaresima, sijui nadhiri zinapimwaje. Lakini nimeuza dukani miaka mingi, na sijaona mtu analipia kitu kwa kukivunja. Nilijuta hapo hapo. Maneno makali. Ningeweza kuyameza kama yale mate ya Jawahir.

Akalikwaruza lile doa tena. Halafu: "Na Mama Wathome anajua kuhusu huyo mwanamke?"

"Anakuja Jumamosi."

"Utamwambia nini?"

Nikasema sijui.

Akaniangalia sasa. Mara ya kwanza. Mwalimu akiangalia mtu namna hiyo, mtu anakumbuka kazi ya nyumbani ambayo hakufanya. Akaangalia tena nyuma ya sukari. Akaangalia mahali tangazo lilikuwa limeninginia. Niliona akiunganisha.

Akaenda bila mkebe. Lakini duka la Kisaju bado liko Kisaju.

Alhamisi, 5 Machi

Hajapita. Ouko amekuja kununua mafuta, anapiga mluzi.

Jawahir anaulizia kwa macho. Najibu kwa mabega.

Ijumaa, 6 Machi

Njia ya Msalaba. Nimetoka mpaka getini kumuona akienda. Kisemei akanisogezea nafasi kama tuko gwaride. Alipita na jumuiya yake, akiimba. Mdomo wa juu — sikuweza kuona. Alishika kitabu cha nyimbo mbele ya uso.

Kavutha ameandika: nafika kesho mchana. Hakuna salamu. Kwa Kavutha, hiyo ni barua ndefu.

Nimefagia duka. Nimefagia tena. Na leo sijaweka kifuko hata kimoja, kwa hivyo hakuna cha kusingizia.

Jumamosi, 7 Machi

Naandika nikiwa nyuma ya kaunta, daftari juu ya goti, nikijifanya natafuta kitu kwa droo. Hakuna anayeniangalia. Kwa mara ya kwanza tangu Februari!

Lori lilimshusha Kavutha hapo getini na gunia la vitunguu. Kisemei alibeba gunia. Jumamosi, jua la mchana, kila mtu yuko nje: jumuiya kwa kamba za nguo, Jawahir na beseni lake, Ouko kwa mfereji anajaza mitungi. Kavutha akapita katikati yao akisalimia kila mmoja kwa jina. Hakuingia dukani. Akageuza kreti tupu, akakaa hapo mbele, akafunga leso vizuri.

"Nimefika," akasema. "Sema."

Wakaacha kukamua nguo. Nilikuwa na uongo tayari na ukweli tayari. Wa kwanza ungenimaliza mimi, wa pili ungemmaliza mwingine. Nikafungua mdomo bila kujua ni upi utatoka.

Ndipo Mwalimu Eunice akashuka ngazi. Polepole, mkono ukutani. Akaja moja kwa moja kwa kaunta, na akasema kwa ile sauti yake ya paredi ya shule:

"Baba Wathome, nipe nusu mkate na maziwa."

Nikampa. Akatoa mkebe mfukoni — si wa kwangu, wa Kisaju, haujafunguliwa, karatasi bado iko — akauweka kaunta. Akasema huo nimsaidie kutupa. Nimeuangalia sasa hivi. Ni ule wa nikotini.

Akavuta kreti ya pili, akakaa kando ya Kavutha. Bega kwa bega, kama watu wanaongojea gari moja. Akaweka mkate kwa magoti.

Nguo zilikuwa zinatoa maji chini, tone, tone. Mama mmoja wa jumuiya alianza kusema Mwalimu, leo ni — akanyamaza katikati. Kavutha ameangalia mkate. Ameangalia Mwalimu, uso, halafu tumbo, pale leso inapofungwa. Halafu amenigeukia mimi, na sijawahi kuangaliwa hivyo na bibi yangu tangu tuoane. Sijui bado kama ni msamaha ama ni kesi mpya.

Vidole vya Mwalimu vilishindwa na pakiti ya maziwa. Jawahir akaacha beseni. Yeye ambaye midomo yake imekauka tangu alfajiri, akachukua pakiti, akakata kona kwa meno, akatema kile kipande cha plastiki, akapangusa midomo mara mbili kwa shela. Akamrudishia.

"Kula," akasema.

Mwalimu ameinamisha kichwa. Amefanya ishara ya msalaba. Ameuma.

Mtungi wa Ouko umejaa, maji yanamwagika kwa viatu vyake naye hayaoni. Ameacha mluzi. Anakuja huku, mkono mmoja bado uko mbele kama umeshika mfereji.

"Eunice," anasema. "Unakula?"

Hajamjibu. Mdomo umejaa.